Kuzungusha, kutenga, kufunga au kukata: njia ipi inajenga mizizi ya malisho Dodoma?

Mvua zinapokaribia, kati ya Novemba na Desemba, vikao vya malisho katika vijiji vya Dodoma huanza kupamba moto. Mmoja anataka eneo la kijiji ligawanywe vitalu, mifugo ipokezane. Mwingine anasema kitengwe kipande kimoja kisiguswe mpaka Julai. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye ng'ombe wengi, haoni sababu ya kubadili kitu: nyasi zimekuwepo tangu enzi za mababu na ng'ombe wamekuwa wakila. Wote watatu wanazungumzia majani. Mimi nataka tupime hoja zao kwa kitu ambacho hakuna anayekitaja kikaoni, yaani mizizi. Mkoa huu unapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja tu. Katika hali hiyo, majani utakayoyaona Machi yanategemea mizizi iliyojengwa Desemba na Januari.

Jani likiliwa, mzizi unafanya nini?

Mzizi haujilishi. Unaleta maji na madini juu, lakini chakula chake chenyewe, yaani sukari, kinatengenezwa na jani kwa mwanga wa jua. Ng'ombe akila majani kiasi, nyasi haitetereki; majani yaliyobaki yanatosha kulisha juu na chini. Akila mengi, mmea hubadili mgawo. Sukari kidogo inayopatikana huelekezwa kwenye kuchipusha majani mapya, na mizizi husubiri. Ile myembamba kabisa, ambayo ndiyo inayonyonya maji, huanza kufa.

Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani, Franklin Crider, alichapisha vipimo vyake kuhusu jambo hili. Alikata nyasi za aina mbalimbali kwa viwango tofauti, kisha akafuatilia mizizi. Yalipoondolewa majani asilimia 40 au pungufu, mizizi ya karibu aina zote iliendelea kukua kama kawaida. Kuanzia nusu ikaanza kusita. Yalipoondolewa asilimia 80, mizizi yote ilisimama kwa siku 12, na kwa asilimia 90 ikasimama siku 17. Zile zilikuwa nyasi za kwao, zikitunzwa kwa uangalizi, na nyasi zetu zina tabia zake. Mpangilio wenyewe wa mmea, hata hivyo, ni uleule.

Sasa zichukue hizo siku 17 uziweke katika msimu wa Dodoma. Kuanzia mvua za Desemba hadi mwisho wa Aprili ni miezi mitano, na hiyo ni pale mwaka unapokuwa mzuri. Katikati, mara nyingi Januari au Februari, mvua hukatika wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Nyasi iliyoliwa mpaka chini mwanzoni mwa Januari, ikaliwa tena kabla haijarejesha majani, inakutana na ukame huo ikiwa na mizizi mifupi, wakati unyevu uliobaki ardhini umeshashuka chini zaidi ya pale mizizi inapofika. Hapo ndipo mashina yanapokufa. Wafugaji husema jua limeua malisho, na ni kweli jua ndilo lililomalizia, lakini kazi ilianza wiki sita nyuma.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulikosea. Nyasi nyingi za kudumu haziweki akiba yote mizizini. Sehemu kubwa iko kwenye vitako vya mashina, zile sentimita chache za mwanzo juu ya ardhi. Hicho ndicho kihenge chake. Ng'ombe hukata nyasi kwa kuizungushia ulimi, hivyo kwa kawaida huacha kisiki kifupi. Kondoo, mbuzi na punda hung'ata karibu zaidi na ardhi, na malisho yakishakuwa haba wanakula hicho kihenge chenyewe. Kwa hiyo unapoamua njia ya kutunza malisho, hesabu kondoo na punda pia, usihesabu ng'ombe peke yao.

Kuchungia palepale kila siku, au kuzungusha

Kuchungia eneo lilelile msimu mzima kuna ubaya mmoja ambao hauonekani haraka. Ng'ombe huchagua. Shina lililoliwa juzi limetoa jani jipya, laini na tamu, kwa hiyo leo anarudi palepale, na keshokutwa tena. Pembeni yake kuna nyasi ngumu aina ya Aristida ambayo hakuna anayeitaka ikishakomaa. Baada ya miaka kadhaa, nyasi nzuri za kudumu zenye mizizi mirefu, kama Cenchrus ciliaris, zinapungua. Nafasi yake inachukuliwa na nyasi za mwaka mmoja ambazo huota kwa mvua ya kwanza, hutoa mbegu haraka na kufa, zikiwa na mizizi michache ya juujuu. Ukipita Februari utaona kijani na utadhani mambo ni mazuri. Chini ya kijani hicho malisho yameshapoteza ghorofa yake ya chini. Katika wilaya ya Kongwa hali hii imefungua mlango kwa lile gugu la Kongwa, ambalo wataalamu wa mimea huliita Astripomoea hyoscyamoides. Mifugo hailifurahii, nalo hutawala pale ambapo nyasi zimeshindwa kushika ardhi.

Je, ina maana mdomo wa mnyama ni adui wa mizizi? Hapana, na ushahidi wa jambo hilo uko hapahapa nchini. Mwaka 1998 mtafiti Sam McNaughton, pamoja na Feetham Banyikwa na mwenzao mwingine, walichapisha matokeo ya kupima mizizi ya nyasi za Serengeti. Hawakuona ushahidi kwamba kuliwa na wanyama kunapunguza wingi wa mizizi wala ukuaji wake. Mbuga ile inaliwa kweli, tena na nyumbu zaidi ya milioni moja. Lakini nyumbu wakishakula wanahama kufuata mvua, na nyasi inabaki na muda wake. Zingatia pia kwamba sehemu za Serengeti zina udongo wenye rutuba ya majivu ya volkano, ambao Ugogo hatuna. Kinachoumiza mizizi ni kurudiwa kabla ya kupona.

Ndiyo hoja ya kuzungusha. Unagawa eneo katika vitalu, kundi linakula kimoja kwa siku chache, kisha linahama na kurudi baada ya wiki kadhaa. Kanuni nzuri ni kurudi kwa kuangalia jani wala si kalenda. Nyasi ikiwa na majani mapya matatu au manne yaliyokunjuka kwenye kila chipukizi, mizizi nayo imeanza kazi tena. Mvua zikiwa nzuri hilo linaweza kuchukua mwezi mmoja au karibu na hapo. Mvua zikikatika linaweza kuchukua miwili, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu ratiba iliyopangwa kikaoni inasema rudini kitalu cha kwanza.

Nisizidishe sifa za kuzungusha. Mwaka 2008 mtafiti David Briske na wenzake walipitia majaribio mengi ya kulinganisha malisho ya mzunguko na malisho ya wazi yenye mifugo ya kiasi, na hawakukuta kwamba mzunguko peke yake unazalisha nyasi zaidi. Nakubaliana nao kwa sababu rahisi: kama mifugo ni wengi kupita uwezo wa ardhi, kuwazungusha ni kusambaza njaa ileile kwa zamu. Na kama ni wachache katika eneo pana, nyasi hupata mapumziko hata bila vitalu. Mzunguko unashinda pale unapoipa nyasi pumziko ambalo isingelipata kwa njia nyingine.

Halafu kuna suala la maji. Vijiji vingi vya Dodoma vina lambo moja, au kisima kimoja chenye birika. Ukichora vitalu sita kwenye karatasi, vyote sita lazima vipate njia ya kwenda kunywa. Njia hizo hukanyagwa kila siku mpaka udongo unashikana kama sakafu, na mizizi haipiti. Kabla ya kuchagua mzunguko, tembea kwanza kutoka lamboni hadi kona ya mbali kabisa ya malisho. Kama ng'ombe wa maziwa hawezi kwenda na kurudi bila kuchoka, kitalu hicho kitabaki jina tu.

Kuzungusha, au kutenga kipande

Hapa ndipo ningependa vikao vyetu vikae zaidi. Kutenga si jambo la kuletewa. Wagogo wana milaga, Wasukuma wana ngitili, Wamasai wana alalili. Utaratibu unafanana: mvua zinapoanza, kipande kinafungwa. Mifugo inakula kwingine msimu wote wa mvua. Kiangazi kikikolea, Julai au Agosti, kipande kinafunguliwa, na mara nyingi wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaolima Novemba. Kule Shinyanga, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya ngitili zilizokuwepo na kuzifufua, na sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa kipara ikavaa tena.

Kwa upande wa mizizi, kutenga kuna faida ambayo mzunguko haufikii kwa urahisi. Nyasi inapata msimu mzima, kuanzia chipukizi la kwanza mpaka mbegu kudondoka, bila kukatishwa. Inapofika Mei imeshusha mizizi yake, imerudisha akiba kwenye vitako vya mashina, na majani yanaanza kukauka yenyewe. Unapoingiza ng'ombe Julai wanakula majani ambayo mmea umeshamaliza kuyatumia, na mizizi haipungukiwi kitu cha maana. Idadi ya ng'ombe inaweza kuwa ileile. Tofauti imeletwa na mwezi.

Mara nyingi nasikia mtu akisema kwa fahari kwamba ameacha shamba lake la malisho lipumzike kuanzia Agosti hadi Novemba. Amefanya vizuri kwa sababu majani makavu yanakinga udongo dhidi ya jua na matone ya mvua ya kwanza. Lakini kwa mizizi, miezi hiyo ni usingizi. Kama mvua zikianza anafungulia kundi siku nyasi inapochomoza, basi amelinda nyasi ilipokuwa imelala, akaishambulia ilipoamka. Chipukizi la kwanza linajengwa kwa akiba ya mwaka uliopita, na likiliwa katika wiki mbili tatu za mwanzo, nyasi inalazimika kuchota tena kwenye kihenge ambacho kimeshapungua. Kama kijiji kina uwezo wa kulinda malisho kwa wiki nne tu kwa mwaka mzima, ningeshauri ziwe zile nne za mwanzo wa mvua.

Udhaifu wa kutenga usifichwe. Wakati milaga imefungwa, eneo lililobaki linabeba mifugo yote katika kipindi kilekile ambacho mizizi inajijenga. Ukitenga kipande kilekile kila mwaka, kipande hicho kitapendeza na kinachokizunguka kitaisha. Kwa hiyo kipande kinachofungwa kibadilishwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kama mnayo ardhi ya kutosha. Upungufu mwingine ni lishe. Nyasi iliyokauka imesimama ina protini kidogo sana, na ng'ombe anayeila peke yake Septemba anashiba huku anakonda. Sisi wa kanda ya kati hatuna kisingizio hapo, kwa sababu mashudu ya alizeti yanatoka kwenye mashine zetu wenyewe za Dodoma na Singida. Kilo moja au mbili kwa siku kwa ng'ombe anayekamuliwa inamsaidia kuimeng'enya vizuri zaidi hiyo nyasi kavu.

Kwa kijiji chenye malisho ya pamoja, mimi naegemea kutenga kuliko kuzungusha, na sababu yangu kubwa ni usimamizi. Kutenga kuna mpaka mmoja na tarehe moja. Mtu yeyote akipita na kuona ng'ombe ndani kabla ya tarehe, anajua kuna kosa. Kuzungusha kunadai uamuzi mpya kila baada ya wiki chache, na kila uamuzi ni nafasi ya kugombana. Kipande kiingizwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji na kiwe na sheria ndogo. Sheria ya nyanda za malisho ya mwaka 2010 inawapa wafugaji msingi wa kudai maeneo hayo yatambuliwe. Jirani zetu wa Kiteto wamekwenda mbali zaidi: vijiji vilivyoungana kwa jina la OLENGAPA vilikubaliana kuwa na malisho ya pamoja yanayovuka mipaka ya kijiji kimoja, jambo linalofaa pale ambapo hakuna kijiji chenye ardhi ya kutosha peke yake.

Ranchi au mfugaji mwenye uzio, maji ya bomba kwenye vitalu na watu wa kuajiri, ndiye ninayemshauri azungushe. Naye pia angefanya vyema kuacha kitalu kimoja kila mwaka kisiguswe msimu wote wa mvua.

Kufunga kabisa

Ulinganisho huu haukamiliki bila Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Uswidi. Mwaka 1979 ukachukua hatua ambayo wazee wa Irangi wanaikumbuka mpaka leo: mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ikafika Mvumi. Matokeo juu ya ardhi yalionekana kwa macho. Nyasi na vichaka vilirudi, mchanga uliokuwa ukisombwa na kila mvua ukapungua, na kingo za makorongo zikaanza kushikwa.

Gharama yake ilibebwa na watu. Ng'ombe walihamishiwa kwa ndugu na marafiki mbali, familia zikakosa maziwa, mbolea na heshima iliyokuwa imefungamana na kundi. Baadaye ndipo ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa bandani uliporuhusiwa na kuhimizwa. Siwezi kuliandika jambo hili kama la ufundi tu. Anayependekeza kijiji kifunge malisho kabisa ana wajibu wa kusema mifugo itakula wapi kuanzia siku ya kwanza.

Na kwa mizizi, kufunga kabisa kuna kikomo chake. Miaka ya mwanzo inajenga sana. Baadaye majani makuukuu yanajazana juu ya shina, yanazuia mwanga usifike kwenye machipukizi mapya, na katikati ya shina panakuwa na pengo lililokufa. Vichaka navyo huingia, vikitafuta maji kwa kina kirefu kuliko nyasi. Kwa hiyo kati ya kutenga na kufunga, ningechagua kufunga kwa ardhi yenye makorongo na miteremko iliyobaki mifupa tu. Kwa malisho ambayo mashina ya nyasi za kudumu bado yanaonekana, hata kama ni moja kila baada ya hatua mbili, kutenga kunatosha.

Ardhi iliyokwisha kuwa kipara

Hapa pumziko pekee halitoshi. Udongo mwekundu wa kichanga wa Dodoma ukipigwa na matone ya mvua bila kifuniko, hufanya gamba juu. Ukilikata kwa kisu unaona tabaka jembamba, laini, lililobana. Maji yanateleza juu yake na mbegu zinasombwa. Mwaka 1947 Waingereza walifyeka maelfu ya ekari za Kongwa kwa mitambo ili walime karanga. Kiangazi udongo uliovuliwa ukawa mgumu kiasi cha kuwashinda kuvuna, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baadhi ya ardhi ile ikaja kuwa ranchi, nyasi zikarudishiwa kazi.

Mpwapwa kuna vipimo vya zamani ambavyo kila mfugaji anapaswa kuvijua. Kwenye majaribio ya mtiririko wa maji yaliyoanza miaka ya 1930, ardhi tupu ilipoteza karibu nusu ya mvua yote, pamoja na tani zaidi ya 140 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Shamba la uwele lilipoteza kama robo ya mvua. Ardhi iliyofunikwa na nyasi ilipoteza chini ya asilimia 2 ya mvua, na udongo haukuondoka. Ziangalie namba hizo kwa jicho la mizizi. Mvua ya milimita 600 ikinyesha kwenye kipara, mmea unapata milimita 300. Kijiji kinalalamika ukame, na kumbe nusu ya ukame huo kimeutengeneza chenyewe. Mizizi inayokufa kila mwaka huacha vijitundu ambavyo maji hushukia, mchwa wanaokula mabaki nao wanaongeza vyao, na pasipo na mizizi njia hizo zinaziba.

Kwa kipara, chagua kati ya kufunga tu na kufunga pamoja na kuvunja gamba. Mimi sioni mjadala: vunja gamba. Pembamoto, wilayani Kongwa, yamechimbwa makingamaji ya nusu mwezi, mdomo ukielekea juu ya mteremko. Maji yanayotiririka yanatuama ndani, yanazama, na mbegu zilizoletwa na maji au kupandwa kwa mkono zinapata siku kadhaa za unyevu, muda wa kutosha mzizi wa kwanza kushuka chini kabla ya jua kukausha juu. Tandaza matawi ya miiba juu yake. Yanazuia mbuzi na yanatunza kivuli.

Kupanda nyasi, kukata na kubeba

Mwenye ekari mbili tatu na ng'ombe wa bandani anachagua mambo mengine. Kwake mnyama haingii shambani, kwa hiyo hakuna kukanyaga, na ni yeye anayeamua kisu kipite wapi. Hilo ni jema kubwa kwa mizizi kama kisu kinapita juu ya kihenge. Acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15. Wanaokata kwa fyekeo mpaka udongoni wanapata mzigo mkubwa mara moja, halafu shamba linachelewa kuchipua.

Kati ya mabingobingo na Cenchrus ciliaris, kwa sehemu kubwa ya Dodoma chagua Cenchrus. Mabingobingo yanazaa kuliko nyasi zote pale yanapopata maji, na yanafaa bondeni, kingo za mto wa mchanga au karibu na karo la kuogea. Kwenye mteremko wa milimita 600 yanateseka. Cenchrus ni nyasi ya Afrika, imezoea ukame, na udongo ukiruhusu inaweza kushusha mizizi hadi mita 2. Kituo cha TALIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, kilichopo Kongwa kinashughulika na malisho, kwa hiyo kaulize mbegu huko kabla ya kununua mfuko usioujua. Mwaka wa kwanza usikate mpaka iangushe mbegu. Najua inauma kuona nyasi imesimama huku ng'ombe anaumia njaa bandani, lakini mwaka huo shamba linajenga sehemu ambayo huwezi kuinunua baadaye.

Kukata na kubeba kuna hatari yake. Kila mzigo unaotoka shambani unaondoka na naitrojeni na potasiamu, na malisho yanayochungwa walau hupata kinyesi. Rudisha samadi. Ukiwa na uchaguzi kati ya samadi na mbolea ya naitrojeni ya dukani, kumbuka kwamba naitrojeni nyingi huusukuma mmea kuongeza majani kuliko mizizi, na Dodoma hutaki mmea mkubwa juu na mdogo chini mvua inapokatika. Samadi iliyooza inatoa rutuba taratibu na kuacha mboji inayoshika maji.

Moto nitausema kwa ufupi. Joto lake halishuki sana ardhini, sentimita chache tu chini mizizi haisikii, ndiyo maana nyasi huchipua baada ya kuungua. Madhara yanakuja baadaye: machipukizi yale yanatoka kwa akiba, kundi linaingizwa siku chache tu baadaye, na kifuniko cha udongo kimeshakuwa majivu. Kwenye maeneo yenye nyasi ndefu na mvua nyingi moto una matumizi yake. Kwa malisho yetu membamba, singeuchagua.

Chimba uone

Usichukue neno langu. Tafuta mahali ambapo malisho yaliyotengwa na yanayochungwa kila siku yanapakana kwenye udongo wa aina moja: uzio wa shule, wa kanisa, au mpaka wa milaga. Nenda Machi, udongo ukiwa na unyevu. Chagua shina moja la nyasi ya kudumu kila upande, aina ileile. Chimba shimo kando ya shina, kina cha sentimita 50 hivi, kisha nyoosha ukuta wa shimo kwa kisu chenye makali. Chukua chupa ya maji yenye matundu kwenye kifuniko, unyunyizie ukuta taratibu. Mchanga unaondoka, mizizi inabaki imening'inia.

Upande unaochungwa kila siku, kwa kawaida mizizi imejazana kwenye sentimita 10 za juu, ya kahawia, mingine ikikatika ukiivuta kidogo, kisha chini yake ni udongo mtupu. Upande uliotengwa utaona mizizi myeupe ikishuka mpaka chini ya shimo, na kwenye nyasi nyingi za ukame chembe za mchanga zimeuvika kila mzizi, zimegandamana nao kwa ute unaotoka mzizini. Ukivuta, mchanga unakuja nao. Chora mstari ukutani kila baada ya sentimita 10 na uhesabu mizizi inayokatiza kila mstari. Andika namba hizo kwenye daftari la kamati ya malisho, pamoja na tarehe na idadi ya mifugo.

Waite walioshikilia kwamba nyasi hazihitaji kutunzwa wasimame ukingoni mwa mashimo yote mawili kabla hayajafukiwa. Mwaka unaofuata, Machi hiyohiyo, chimbeni tena hatua chache kutoka mashimo ya kwanza, chini ya mashina mengine, kwa sababu udongo uliokwisha kufukuliwa hutoa mizizi mingi kuliko hali halisi na utawadanganya.